Jina la Rosalia Mahakamani

Kikulacho ki nguoni mwako. Wapo watu huitamka methali hii wakicheka, kana kwamba wahenga walikuwa wakizungumzia chawa tu. Maana yake ni chungu kuliko hivyo. Anayekudhuru hasa hatoki mbali. Hulala kwako, hula kwako, na mahali unapoficha ufunguo anapajua. Rosalia alifundishwa methali hiyo akiwa mtoto shuleni Morogoro, akaikariri na kusahihishiwa vema. Kuikariri hakukumsaidia kitu.

Baba yake Rosalia alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeoa uhamishoni Tanzania. Uhuru ulipopatikana, aliileta familia yake Johannesburg, na Rosalia akapata kitambulisho kama mwananchi yeyote. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba ndogo mtaani Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park, ambamo alilea watoto wa wasusi, washonaji na walinzi wakati wazazi wao wakiwa kazini. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha na kumpa heshima. Alikuwa amebakiza kidogo tu kupata kibali cha serikali cha kuendesha kituo cha watoto.

Msaidizi wake alikuwa Beatha, binti wa mama yake mdogo, aliyemfuata kutoka Tanzania bila karatasi za maana. Miongoni mwa wageni wa mji huu upo utaratibu ambao kila mtu anaujua: mwenye kitambulisho humpa nduguye kopi iliyogongwa muhuri, ili polisi wakimsimamisha barabarani awe na cha kuonyesha. Picha ya kopi huwa nyeusi, na ndugu hufanana. Rosalia alimpa Beatha kopi yake hata kabla ya kumpa blanketi. Damu nzito kuliko maji, alisema, na hakulifikiria tena jambo hilo.

Jumatatu moja Firmin, mlinzi Mkongomani ambaye mwanawe alilelewa pale, alilipia tovuti inayotafuta rekodi za mahakama na za polisi, kama kampuni yake ifanyavyo kabla ya kuajiri mtu. Aliandika jina kamili la Rosalia. Jibu likaja: alikamatwa, wizi wa dukani, ana hatia. Bila hata kumpigia simu mwenye jina, Firmin alilituma jibu hilo kwenye grupu la wazazi. Kesho yake nyumba ilikuwa kimya. Sufuria ya uji ilipoa jikoni, na mikeka ya watoto ilibaki imekunjwa.

"Mimi mwizi?" Rosalia alifoka. "Mimi ambaye sijawahi kuchukua hata pipi ya mtu?"

"Dada, huoni?" Beatha alisema, akimshika bega. "Firmin anasali kanisa moja na Clémentine. Yule mama ana kinyongo na wewe tangu mgombane kwa ajili ya kelele za cherehani zake. Ni yeye tu."

Hasira ni hasara, lakini nani huikumbuka hasara akiwa amepandwa na hasira? Rosalia alivuka barabara hadi kwa Clémentine, fundi wa nguo kutoka Bukavu, akasimama getini na kumtukana mbele ya wateja wake. Alimwita mchawi na mnafiki. Alimwambia arudi kwao. Ndiyo, Rosalia, ambaye mama yake aliambiwa neno hilohilo katika mtaa huohuo, alilisema kwa sauti hadi wapita njia wakasimama.

Clémentine aliuweka mkasi wake chini polepole.

"Mama Rosalia, miye sikusema kitu," alijibu. "Mungu iko anaona. Lakini kama jina yako iko kwa tribunal, enda kule, uone ile dossier na macho yako. Kunitukana hakutaifuta."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alipomweleza Beatha kwamba angekwenda mahakamani kuliona faili lenyewe, Beatha aligeuka ghafla na kuanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

"Achana nayo, dada. Watu husahau."

"Wasahau nini? Nimefanya nini cha kusahauliwa?"

Rekodi za mahakama ni za umma, husemwa. Umma ule Rosalia aliukuta umepangwa foleni. Dirisha la kwanza lilimpeleka la pili, la pili likamwambia mtandao umekatika, na la tatu likamrudisha la kwanza. Karani mmoja alimtaka alete namba ya kesi, kana kwamba mtu huzaliwa akiijua namba ya kesi ya kosa ambalo hakulitenda. Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Mwishowe karani aitwaye Nomsa alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ghalani, akatoka na faili jembamba.

Jina lilikuwa lake. Namba ya kitambulisho ilikuwa yake, na anwani ilikuwa ya nyumba yake. Nguo za mtoto zimeibwa katika duka la mjini, mshtakiwa amekiri, faini imelipwa kituoni, mshtakiwa ameachiwa.

"Hii saini si yangu," Rosalia alisema kwa Kizulu.

"Eish, mama," Nomsa alisema. "Wengi hulipa faini ile wakidhani mambo yamekwisha. Hayaishi, maana ukilipa umekubali hatia. Lakini aliyekamatwa alichukuliwa alama za vidole. Nenda polisi, nawe utoe zako, uape kwamba si wewe. Zisipolingana, jina lako litasafishwa. Ila watakuuliza swali moja: nani ana kopi ya kitambulisho chako?"

Rosalia alifungua kinywa ili aseme Clémentine. Kisha akakifunga, akashika njia ya nyumbani.

Alimkuta Beatha akianua nguo.

"Leta ile kopi."

"Kopi gani, dada?"

"Beatha!"

Beatha alitia mkono ndani ya blauzi yake akaitoa, imelainika kwa jasho na kukunjwakunjwa. Machozi yalianza kumtoka.

"Walinikamata. Niliogopa watanirudisha nyumbani. Nilidhani nikilipa yamekwisha. Dada, jina lako ndilo pekee nililokuwa nalo."

"Na Clémentine je?" Rosalia alipiga kelele. "Ulinitazama nikivuka barabara kwenda kumtukana mtu asiye na kosa! Ulinitazama nikipakua uji usio na mlaji! Kesho tunakwenda polisi, wote wawili."

"Wakinirudisha nitamwambia nini mama?"

"Mwambie huku ulikuwa unaitwa Rosalia."

Aliitia kopi ile katika droo ya meza. Asubuhi, kabla ya kwenda kituoni, alivuka tena barabara, safari hii polepole. Getini kwa Clémentine alipiga magoti mbele ya wateja walewale, akaomba msamaha kwa sauti ileile aliyotukania. Clémentine alimwinua. Hakumkumbatia, wala hakumfukuza.

"Imeniuma sana, mama," alisema. "Lakini tutaenda pamoja kwa polisi. Miye nitakuwa shahidi yako."

Waliporudi kumchukua Beatha, mlango ulikuwa wazi. Begi lake halikuwapo. Vikombe vya watoto vilikuwa vimeoshwa na kupangwa vizuri, kama kila siku. Rosalia aliivuta droo, akaitoa yote, akaimwaga sakafuni. Kopi ya kitambulisho haikuwamo.

Alikaa juu ya mkeka mmoja uliokunjwa, akalia kwa hasira. Vidole vyake vingemsafisha safari hii. Lakini mahali fulani katika mji huu, jina lake lilikuwa likitembea tena ndani ya blauzi ya mtu aliyekula kwake, na siku yoyote lingeweza kukamatwa.

Kituoni askari alichukua kalamu, akamuuliza kama anamfahamu aliyelitumia jina lake. Clémentine alimshika mkono. Rosalia alimtaja mdogo wake, jina la kwanza na la pili, kisha akaongeza kwa Kiswahili maneno ambayo askari hakuyaelewa wala hakuyaandika: kikulacho ki nguoni mwako.