Prosesa Mbili za Mbelwa

Siti, mhariri wa video za harusi pale Tanga, alikuwa na kompyuta nzito hata watu walifikia kuzaa kabla ya kuona harusi yao. Alikwenda kwa Mbelwa, tajiri wa vipuri vya kompyuta, akalipia prosesa moja, ule ubongo wa kompyuta. Mbelwa akamwekea mezani mbili zilizotumika, zinazofanana kama mayai. Moja, alimweleza, ilitoa picha kwenye skrini yenyewe. Nyingine, bila kadi ya picha, kifaa cha pembeni cha kutoa picha, iliacha skrini giza. Kompyuta ya Siti haikuwa na kadi hiyo. Maandishi yote juu ya prosesa hizo yalikuwa yamefunikwa na dawa ya kupozea joto iliyokauka.

"Nifutie nisome, kaka."

"Hapa hatufuti wala haturudishi. Chagua, dada. Fundi hodari hunusa."

Siti akainama akazinusa. Mbelwa akashika mbavu kwa kicheko.

"Basi nielekeze wewe," Siti alisema. "Mashine yangu ina kadi kubwa ya picha, inanguruma kama kinu cha kusaga. Nataka tu nisibebe mzigo bure."

Mbelwa akachangamka. Ile isiyotoa picha ilikuwa imemdodea tangu mwaka uliopita.

"Ungesema mapema! Chukua ya kulia. Hiyo ya kushoto ina picha yake, kwako haina kazi."

"Una hakika?"

"Nimezipanga kwa mkono wangu, dada!"

"Asante." Siti akaitia mkobani ile ya kushoto.

"Siyo hiyo!"

"Ndiyo hii, kaka. Kadi ndiyo sijawahi kuwa nayo."