Kidimbwi cha Nakijwa

Ukikausha bwawa, mwachie chura kidimbwi.

Mmelisikia neno hilo asubuhi hii kwa mwenyekiti wa maji, mkachekana, mkadhani mzee wa watu ameanza kuwahurumia vyura kwa sababu ya umri. Haya, wekeni majembe chini, kuleni makande yenu kabla hayajapoa, niwaambie lilikotoka. Halikuokotwa njiani. Lilimtoa jasho mwanamke mmoja wa hapa hapa mlimani aliyeitwa Nakijwa.

Nakijwa hakuwa mzaliwa wa huku. Aliolewa kutoka tambarare, kule chini ambako mtu huondoka na debe kabla jogoo hajawika na kurudi jua likiwa utosini. Jioni yake ya kwanza kwa mumewe, Mbazi, alikuwa anamenya ndizi uani aliposikia kelele kutoka upande wa bwawa: ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama watu mia wanaogonga vibuyu. Akauliza ni ngoma ya nani. Mawifi zake wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Ngoma gani, wifi? Hao ni vyura wa ndiva!" Ndiva ni hili bwawa letu la mfereji, nawaambia nyie mliozaliwa mjini: maji huingia usiku, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Nakijwa akaacha kumenya, akalia. Walidhani amekumbuka kwao. Kumbe alikuwa analia kwa furaha, maana hakuwahi kuishi mahali ambapo maji yana sauti.

Tangu siku hiyo aliwapenda vyura wale, na hakumficha mtu. Walikuwa vyura wadogo, wa kijani kama jani changa la mgomba, mmoja angekaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ingebaki. Zamani walikuwa katika ndiva zote tatu za mlima huu. Lakini mwaka mmoja Nakijwa alikwenda harusini kijiji cha juu, akakaa jioni nzima akitega sikio. Kimya. Alipouliza, wakamwambia, "Tulizoa tope lote miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo hatujawasikia." Akapita ndiva ya pili siku ya kurudi. Huko nako kimya, na sababu ilikuwa ile ile. Akarudi nyumbani akijua kwamba wamebaki kwetu tu, na kwamba wakiondoka kwetu, wameondoka mlima mzima.

Sasa, mwaka huo tulikuwa na mgawa maji mpya, Mzee Senzighe, baba mdogo wa Mbazi. Kwa hiyo kwa Nakijwa alikuwa baba mkwe. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu wa haki, mchapakazi, ila akianza jambo hajui kuishia katikati. Na watu wa kijiji cha juu walikuwa wamemtania sokoni kwamba anagawa mkojo wa vyura. Utani huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa mbele ya wazee: "Mwaka huu hatufagii, tunachimba! Tutazoa tope lote mpaka tuuone udongo mwekundu walioushindilia mababu. Kisha tutauacha juani wiki tatu uive kama chungu. Nataka bwawa safi kama lao." Wazee wakaitikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba bwawa la kijiji cha juu limekaa juu ya mwamba, na letu limekaa juu ya udongo.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, baragumu lililia alfajiri, kaya zote zikatoka. Maji yakafunguliwa yakaisha. Wanaume wakachimba, wanawake wakabeba tope kwenye karai, nyimbo zikapokezana. Kufika saa sita, bwawa zima lilikuwa limebaki wekundu mtupu, isipokuwa kidimbwi kimoja chini ya matete, ukubwa wa mkeka wa kulalia. Kilikuwa cheusi kwa viluwiluwi. Watoto wote wa vyura wa mwaka ule walikuwa wamekimbilia hapo.

Nakijwa akaweka karai chini. Na mnajua, mkwe wa kike habishani na baba mkwe, tena mbele za watu. Akasogea, akainamisha macho kama adabu inavyotaka.

"Baba, naomba hapa paachwe."

"Paachwe kwa nini, mkwe wangu?"

"Kwa ajili ya hawa watoto wa chura, Baba. Wiki tatu tu, waote miguu. Tukipazoa leo, hatutawasikia tena hapa."

Watu wakaangua kicheko. Senzighe hakucheka. "Mkwe wangu, tumeamka na giza, watu wamevunjika migongo, halafu tuache alama ya uchafu katikati ya kazi? Chura ana miguu, atatafuta kwingine."

"Hawa bado hawana miguu, Baba."

"Chimbeni!" Senzighe akaamuru.

Vijana wawili wakainua majembe. Nakijwa akapiga moyo konde. Akakusanya kanga yake, akaingia kwenye kidimbwi, akaketi. Pwa! Maji meusi yakamfika kiunoni, viluwiluwi wakamzunguka, naye akapakata mikono akatulia.

Loo, msaragambo ulisimama. Hapo ndipo Senzighe alipokwama, na mjue alikwamia wapi. Mkwe wa kike haguswi na baba mkwe, wala na mwanamume yeyote wa rika lake. Huo ni mwiko mzito. Na vijana wale wawili nao, nani angethubutu kumshika mke wa mtu mbele ya mumewe? Senzighe akazunguka kidimbwi mara mbili, fimbo mkononi.

"Mbazi! Mtoe mkeo!"

Mbazi akaja akijifuta jasho ambalo halikuwa la jembe peke yake. "Mama Kajiru, toka basi. Unaniaibisha."

"Nisamehe, Baba Kajiru. Kwa hili sitoki."

Mbazi akamtazama usoni. Alikuwa ameishi naye miaka tisa. Akamgeukia baba yake mdogo akasema, "Baba, nimemwambia, umesikia mwenyewe. Mimi nakwenda kuchimba upande ule." Akaenda.

Wakaitwa mawifi. Wifi mkubwa, Namsifu, mwenye mikono ya kutwanga, akasimama ukingoni, akajishika kiuno. "Wifi, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi! Toka humo!"

"Njoo unitoe, wifi."

Namsifu akatia mguu mmoja kwenye tope, viluwiluwi wakampapasa vidoleni, akaruka nje akipiga yowe. Wanawake wakacheka hadi machozi, na baada ya kicheko kile hakuna mwingine aliyejitolea.

Jua likaanza kuinama. Senzighe akagonga fimbo chini. "Vizuri. Kaa na vyura wako. Lakini nyote mashahidi: zamu ya maji ya nyumba hii nimeifuta msimu mzima. Maji yake yatakuwa hayo aliyoyakalia."

Nakijwa akasikia baridi ikimpanda, na si ya tope. Zamu ile ndiyo iliyokuwa maharage ya watoto wake wanne. Angeweza kuinuka pale pale, akaomba radhi, yakaisha. Akayatazama maji yaliyomzunguka.

"Nimekubali, Baba," akasema.

Wiki tatu zilizofuata, mfereji ulifungwa na jua likaliwakia bwawa bila huruma. Kidimbwi nacho kikaanza kupungua. Basi Nakijwa akawa anateremka chemchemini kila asubuhi na kila jioni, anapanda na debe kichwani, anamimina polepole pembezoni asiwaumize wadogo. Watu wakamwita Mama Vyura. Watoto wakamfuata wakirukaruka kwa kuchuchumaa. Shingo ilimuuma mpaka akawa anageuka na mwili mzima, na msimwambie mtu kwamba hakuchoka; alichoka hasa, na siku nyingine alimimina maji huku anatukana. Lakini alimimina. Siku ya tano Mbazi alimpokea debe la jioni, na toka hapo jioni zikawa zake. Miguu ya nyuma ikaota, kisha ya mbele, mikia ikafupika. Wiki ya tatu ilipokwisha, vyura wadogo wa kijani walikuwa wameanza kuparamia matete.

Siku ya kufungua mfereji, baragumu likalia tena. Maji yakaingia, bwawa likajaa, watu wakapiga vigelegele, Senzighe akavaa kofia yake ya sherehe. Asubuhi wakaja na majembe kumwagilia, wakakuta bwawa tupu. Wakadhani mlango uliachwa wazi. Wakajaza tena, kesho yake tupu. Mara ya tatu wakakaa macho wakatazama, na wakayaona maji yakizama chini kama uji kwenye mchanga. Jua halikuuivisha udongo wa mababu, lilikuwa limeupasua. Nyufa walizodhani maji yatazifumba zilitapakaa bwawa zima, nyingine ungeingiza mkono. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na majani yalishaanza kujikunja.

Sehemu moja tu haikuvuja. Chini ya matete, kidimbwi kilikuwa kimejaa kama kilivyokuwa, na kandokando yake, kila mahali debe la Nakijwa lilipomwagika, udongo ulikuwa laini, bila ufa hata mmoja.

Mchana ule Senzighe alikwenda mwenyewe kwa Mbazi. Hakuingia uani, kwa heshima ya mkwe. Akasimama nje ya ua, akakohoa. Nakijwa akaja upande wa ndani, akainamisha macho.

"Mkwe wangu."

"Abee, Baba."

"Kidimbwi chako hakivuji."

"Nimeona, Baba."

"Ulijua? Ulijua udongo utapasuka, ndiyo maana ukakaa pale?"

Nakijwa angeweza kusema ndiyo, na sifa yote ingekuwa yake. Akatikisa kichwa. "Sikujua, Baba. Nilitaka vyura wasiishe. Basi."

Senzighe akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Afadhali ungejua. Ningeshindwa na akili yako, aibu yangu ingekuwa ndogo." Akavua kofia. "Nimekosa, mwanangu. Zamu yenu imerudi. Nikupe ya kwanza?"

"Nipe ile ile yetu, Baba. Lakini nikuombe: tukanyage udongo kuanzia pale kwenye unyevu, tutoke nao kidogo kidogo hadi ukingo wa pili. Pale unashikana. Na watu waangalie wanapokanyaga."

Siku nne kijiji kizima kilikanyaga. Ng'ombe waliingizwa, watoto wakaimba, wazee wakajishikiza kwenye fimbo wakikanyaga nao. Walichukua udongo laini wa kandokando ya kidimbwi, wakautandaza, wakaulowesha, wakasonga mbele hatua kwa hatua. Senzighe alitangulia kila mstari, akipapasa kwa mikono na kuwahamisha vyura waliochelewa, mmoja mmoja, hadi kwenye matete. Maji yalipofunguliwa mara ya nne, asubuhi yalikuwepo. Mahindi yaliokoka, si yote, lakini ya kutosha watu wasilale njaa.

Mwaka uliofuata, msaragambo ulipofika, Senzighe aliingia bwawani kabla ya watu wote. Akachora mstari kwa fimbo kuzunguka upande wa matete, akasimama ndani yake, tope likimfika kwenye mashavu ya miguu. Kijana mmoja mwenye nguvu, aliyekuwa ugenini mwaka uliopita, akaja na jembe lake kumalizia kazi. "Babu, sogea basi, pamebaki hapo tu."

"Palipobaki ndipo pa mwenyewe," Senzighe akamwambia. Kisha akapaza sauti, ili isikike hadi kule walikokuwa wanawake na makarai yao, na Nakijwa miongoni mwao, ameinamisha macho: "Ukikausha bwawa, mwachie chura kidimbwi!"

Kuanzia hapo watu wakalichukua. Anayerina asali hulikumbuka akifika kwenye sega la mwisho. Anayekamua hulikumbuka ndama anapolia zizini. Na ndugu wanaogawana shamba la marehemu, wakitaka kumfukuza mjane hata jikoni mwake, hutokea mzee mmoja akalisema, na huwa halihitaji kufafanuliwa.

Haya, mmeshiba. Inukeni mkamalize, na ule upande wa matete muupite mbali. Msiniulize tena kama wale waliomo humo wana faida gani kwenu, Nakijwa hakuuliza. Ukikausha bwawa, mwachie chura kidimbwi.