Ndaga ya Mama Atuganile

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maana yake ni nyepesi: asiyejua jambo hapungukiwi heshima akimwuliza anayejua. Watoto tunawafundisha methali hii tangu darasa la kwanza, lakini sisi wakubwa tukishavaa sare na kupewa cheo, ulimi wa kuuliza unakuwa mzito. Hadithi hii ni ya mtu mmoja wa namna hiyo, na sina hakika kama mimi ningefanya tofauti.

Konstebo Benedict alikuwa na wiki sita tangu ahamishiwe Kyela kutoka Mtwara. Kinyakyusa kilimpiga chenga. Siku ya kwanza aliuliza maana ya neno moja, wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo akaapa moyoni kwamba hatauliza tena.

Asubuhi moja, Ambrose, fundi cherehani wa Bondeni, aliripoti kuibiwa kichwa cha cherehani. Saa nne, kwenye barabara ya Njisi, Benedict alimwona mama wa makamo akijikokota kuelekea mpaka wa Malawi, kiroba kizito kichwani, kanga imezungushwa hadi masikioni. Alimsimamisha. Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimsaidia kutua mzigo, na mkono wake ukagusa chuma ndani ya kiroba.

"Cherehani hii umeiiba Bondeni, sivyo?" aliuliza, pikipiki ikipita kwa kishindo.

Mama Atuganile hakulisikia swali. Alichojua ni kwamba shingo yake imepata nafuu. Aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Ndaga fijo, tata."

Benedict hakulielewa neno hilo. Alichoona ni kichwa kilichoinama, na kuuliza aliona haya. Alitoa daftari lake akaandika: Amekiri.

"Uko chini ya ulinzi. Twende kituoni."

"Kwa kosa gani, tata? Mimi nakwenda Karonga. Dada yangu Doreen amefariki, wanamzika leo saa nane. Cherehani hii ni yake, aliniazima, nairudisha kwa watoto wake."

"Umeshakiri. Mengine utaeleza huko."

Sheria inamtaka askari amweleze anayemkamata sababu ya kumkamata. Benedict aliijua, aliijibu vizuri kwenye mtihani wa chuo. Ila alidhani kwamba mtu aliyekiri anajua mwenyewe alichokifanya, basi hana haja ya kuambiwa.

Mama Atuganile aliketi kwenye benchi la kituo. Mara mbili aliuliza amekiri nini, na mara mbili aliambiwa amsubiri mkubwa. Baadaye akawa anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama mto ukichukua shamba lake. Saa nane ilipita. Alijifunika kanga usoni akalia taratibu, asimsumbue mtu.

Ilikuwa saa kumi Sajenti Evodia aliporudi kutoka mahakamani, miguu imemvimba, akiongozana na Ambrose. Kiroba kikafunguliwa. Ambrose alitazama mara moja tu.

"Yangu ni nyeusi, afande. Hii ya kijani siijui."

Evodia alilisoma daftari la Benedict. Miaka kumi na saba ya kusoma madaftari kama hayo ilikuwa imemchosha, na hakuwa na nguvu ya kufoka.

"Alikiri kwa maneno gani?"

"Alisema ndaga fijo, afande."

"Na maana yake nini?"

Benedict aliivua kofia akaanza kuipangusa.

"Basi kamwulize mwenyewe. Yuko pale kwenye benchi."

Zilikuwa hatua nne tu, lakini Benedict aliziona ndefu kuliko njia ya Mtwara. Alichuchumaa mbele ya benchi.

"Mama, asubuhi uliniambia ndaga fijo. Ni kusema nini?"

Mama Atuganile alishusha kanga usoni. Alimtazama bila hasira. Hasira nayo inataka nguvu.

"Ni asante sana, mwanangu. Ulikuwa umenitua mzigo."

Benedict aliinamisha kichwa, kama mama yule alivyoinamisha asubuhi.

"Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu," aliendelea yule mama. "Ungeniuliza pale pale barabarani, ningekwambia. Sasa wameshamfukia."

"Utusamehe, juba," Evodia alisema, akimwita mama kwa Kinyakyusa. "Uko huru. Gari litakufikisha mpakani."

Mama aliinuka akajifunga kanga upya. Kule ng'ambo ya mto Songwe saa zao ziko nyuma kwa saa moja, lakini hata kwa saa zao mazishi yalikuwa yamekwisha.

Mpakani, Benedict alimtwisha kiroba kwa mikono miwili, polepole, akasubiri. Safari hii mama hakusema ndaga. Alivuka daraja akienda kulitazama kaburi bichi, na askari akabaki amesimama na jibu alilolipata baada ya saa sita, ambalo asubuhi angelipata kwa swali moja. Kuuliza si ujinga.