Kivuko Kimoja, Milango Mitatu

Nipeni masikio yenu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, maana ndio muda niliopewa. Lile lori mnaloliona pale limebeba kivuko, bamba la zege la kuvukia mtaro, na dereva wake ndiye yule kwenye benchi la muuza chai. Kasema akimaliza kikombe nimwonyeshe pa kukishusha, la sivyo anakirudisha yadi ya halmashauri. Mimi ndiye mjumbe wa mtaa huu wa Majimengi, na karatasi yake inasema kishushwe kwa maelekezo ya mjumbe. Kichwa kinaniwanga. Nisaidieni.

Mnazijua zile nyumba tatu za upande wa chini, zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ya kwanza ni ya Bi Siwatu, na Bi Siwatu hasahau kitu. Kila maji yalipoingia kwake alichora mstari wa mkaa ukutani, na ukimuuliza atakutajia tarehe, saa, na godoro la nani lililoelea. Ya katikati ni ya Karani Mwakipesile, mstaafu wa mahakama. Huyo ana mkono. Akiandika barua, mkubwa anayeipokea anaona haya kuilaza chini ya faili. Ya mwisho ni ya Mama Pendaeli, muuza supu kwa mkokoteni, na kipaji chake ni kukaa. Akikaa kusubiri jambo, jambo lenyewe litachoka kabla yake.

Miaka sita tumelia na maji hapa. Ikinyesha huko juu, barabara inageuka mto na mto unaingia kwenye nyumba hizo tatu bila hodi. Tukienda ofisini tunaambiwa bajeti, tunaambiwa mchoro, tunaambiwa mwaka ujao. Mwisho wakasema hakuna hata ushahidi kwamba tunafurika.

Hapo ndipo Bi Siwatu alipomwita afisa wao nyumbani kwake. Kijana wa watu alikuja na futi ya kupimia, akakuta mistari ishirini na mitatu, wa juu kabisa ukimfika kifuani. Bi Siwatu akamsomea tarehe zote bila kutazama popote. Afisa akaacha kubisha.

Tarehe hizo zingebaki ukutani kama si Karani. Alikaa nazo siku nne akatoa kurasa tatu, na sheria ndogo za halmashauri humo kifungu kwa kifungu. Masjala waliigeuza ile barua huku na huku wakitafuta sababu ya kuirudisha. Hawakuiona, wakaigonga muhuri.

Na barua yenye muhuri nayo ililala tu, mpaka Mama Pendaeli alipoacha supu yake akaenda kukaa mlangoni kwa mhandisi wa halmashauri. Siku kumi na moja za kazi, na ungo wake wa mchele mapajani, anachambua. Akiambiwa mhandisi yuko ziarani, anasema atamsubiri arudi. Siku ya kumi na mbili mhandisi alichoka kupitia mlango wa nyuma, akasaini.

Mtaro ukachimbwa, ukajengwa kwa mawe, kina chake kinamfika mtu mzima begani. Mvua kubwa ya kwanza ilipita humo yote, halikuingia ndani hata tone. Tulishangilia, kisha tukatazama vizuri. Mtaro umepita kizingitini kabisa, na nyumba tatu zimebaki ng'ambo ya shimo. Nikakimbilia kwa mhandisi, naye akafungua faili taratibu.

"Mjumbe, mliomba mtaro. Nionyeshe mlipoomba pa kuvukia."

Nikaipekua ile barua kurasa zote tatu, pa kuvukia hapamo. Niliporudi mtaani nikawasikiliza wote watatu. Bi Siwatu alisema siku ya kusoma barua aliuliza watapita wapi. Karani hakatai, ila anasema alijua ombi likiwa na mambo mawili hupelekwa idara mbili na yote mawili hupotea, na mimi nimeziona barua zilizopotea hivyo. Mama Pendaeli naye aliulizwa na mhandisi, kalamu ikiwa mkononi, kama kuna lingine. Akajibu hakuna, akihofia kalamu isirudi mezani. Na Bi Siwatu mwenyewe, aliyekumbuka, mwishowe aliweka dole gumba kwenye barua hivyohivyo. Anasema alichoka kubishana na mtu wa mahakama.

Sasa wanavukia ubao. Bi Siwatu kwa magoti yake mabovu hawezi kuuvuka. Wiki ya tano hii hajatoka, na dada yake amezikwa hapohapo mjini yeye akitoa pole kwa simu. Mkokoteni wa Mama Pendaeli umefungiwa uani, supu anabeba kwa ndoo, na wateja wameshazoea kwa mwingine. Mke wa Karani, Bi Anyisile, yuko kwenye kiti cha magurudumu na ana kliniki kila Jumanne. Vijana humbeba mgongoni. Jumanne iliyopita ubao ulicheza wakiwa katikati, na tangu hapo amekataa kubebwa tena. Leo ni Jumatatu.

Msiniambie kiwekwe katikati watumie wote. Mbele ya nyumba hakuna hata pa kuweka mguu, na uani ni kuta. Atakayekipata amekipata, wenzake labda wapite chumbani kwake. Na hiki kimoja chenyewe ni masalia ya mtaa mwingine. Vingine nimeviomba, nikajibiwa mwaka wa fedha ujao.

Asubuhi hii nilisimama barabarani nikawauliza wao wenyewe, kila mmoja mlangoni kwake. Karani alivua kofia.

"Mpe mwingine, mjumbe. Barua niliandika mimi, kosa ni langu."

Nikapumua, nikajua wamebaki wawili. Kisha sauti ya Bi Anyisile ikatoka ndani, nyuma ya mgongo wa mumewe.

"Kosa ni lako, Karani. Miguu ni yangu."

Bi Siwatu aliinamisha kichwa. Mama Pendaeli aliinamisha kichwa. Nikasubiri mmoja wao aseme basi, wape wale, lakini hakuna aliyesema, na mimi siwezi kuwalaumu.

Haya, dereva anamwaga mashapo ya chai. Anajifuta mdomo, anakuja huku na funguo mkononi. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe mwenye kapu, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe ndiye mjumbe, kidole chako kingenyooka kwenye mlango upi?