Benchi la Mama Mkwe

Wako watu ambao kwao kitu kikishameta kimeshapona. Mmoja wao aliitwa Bwana Chapuchapu, kwa kuwa hakuwahi kuiacha kazi ya kesho ikiwa angeweza kuilipua leo.

Mkewe, fundi seremala, alimwachia benchi la uani alitengeneze. Mama yake angetoka hospitali baada ya siku tatu, nyonga imeungwa, naye daktari ameonya: akianguka tena, huenda asisimame maisha. Benchi hilo ndilo angekalia kuota jua.

"Limenyeshewa mwezi mzima," mke alisema. "Lianike, ulikwangue, kisha udunge miguu kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye sabuni, jua pameoza, uniite. Ukipaka vanishi juu ya maji, unaufungia ugonjwa ndani."

"Mama watoto, hili ni benchi au mgonjwa?" Chapuchapu akacheka.

Mke alipokwenda kumuuguza mamaye, Chapuchapu alilipangusa benchi kwa kitambaa na kulipaka vanishi mara tatu. Likang'aa kama kioo. Bisibisi hata hakuigusa.

Siku ya tatu mama mkwe aliingia uani akichechemea, mkongojo mkono mmoja, bintiye mkono wa pili.

"Miguu uliidunga?" mke akauliza.

"Yote minne!" Chapuchapu akajibu bila kupepesa jicho. "Karibu Mama, kiti cha enzi hicho."

Mama mkwe akajishusha taratibu. Kwacha! Mguu wa benchi ukakatika. Mkongojo ukaruka kule. Mke akamdaka mamaye kwapani, bibi wa watu akabaki ananing'inia, nyayo zikiitafuta ardhi. Chapuchapu akainama kuutazama mguu. Kwenye lile vunjiko, chini ya ngozi nyembamba ya vanishi, aliona mbao iliyogeuka uji mweusi, ikichuruzika maji.

Walimketisha mama kwenye kiti cha jikoni. Akamgeukia mkwewe.

"Baba, majeneza yaliyopakwa vanishi nimeyaona mengi. Lenye mahali pa kuegemea ndiyo kwanza leo."

Hakuna aliyecheka.

"Sikudunga, Mama," Chapuchapu akasema. "Hata mmoja."

"Hilo limeshajisema," mke akajibu, akiuokota mkongojo.

Ama kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.