Kwa Nini Kifurushi cha Mwanasha Hakitupwi na Mwingine

Kaeni, nirudie. Nimewaeleza mpaka koo limekauka, na bado kila wiki kuna mmoja wenu anayeiangusha programu kwa kosa lilelile.

Hapo kompyuta zilipokuwa bado changa, nyuzi, wale watenda kazi wanaohangaika bega kwa bega ndani ya programu, hawakuwa na mipaka. Changu, chako, nani aliuliza? Mmoja wao aliitwa Mwanasha, na kazi yake ilikuwa kuchora skrini. Alikuwa na brashi iliyoujua mkono wake tu. Mkono mwingine ukiigusa huvunjika, na ikivunjika programu nzima hufa.

Siku moja Mwanasha alimpa uzi mwenzake Shebe, mtunza faili, mzigo wa picha azihifadhi. Akautia na brashi, ili mzigo ukirudi aendelee pale alipoachia.

"Shebe ndugu yangu, brashi hiyo usiichoree. Irudi ilivyo."

"Dada, mimi na kuchora wapi na wapi?"

Na kweli hakuchora. Alizihifadhi picha, kazi ikaisha. Sasa, desturi ya nyuzi ni kwamba anayemaliza kazi hufagia kila alichonacho kabla ya kuondoka. Shebe akafagia. Na brashi akaitupa! Jamani, hivi kutupa si kugusa? Brashi ikavunjika, skrini ikazima.

"Umeniua kwa usafi wako!" alilia Mwanasha, na programu yote ikaanguka.

Ilipowashwa upya, Mwanasha hakumwamini mtu tena. Kila kilicho chake alikifunga kwenye kifurushi chenye alama yake. Yeyote na akibebe, akipeleke popote. Kukifungua ni yeye, na kukitupa ni yeye. Mwingine akijaribu, kifurushi hupiga kelele na kazi husimama papo hapo. Afadhali kelele kuliko kuharibikiwa kimyakimya.

Na tangu siku hiyo nyuzi wote hufunga vitu vyao hivyo. Ila nanyi hamsikii! Mnamwacha Mwanasha amalize kazi na kuondoka, na kuondoka kwa uzi ndiyo kufa kwake, huku kifurushi chake kingali kwa Shebe. Shebe hawezi kukifungua, wala hathubutu kukitupa. Hukaa nacho tu, na kesho anaongezewa kingine. Ndiyo maana programu zenu huzidi kuwa nzito kadiri zinavyokaa mpaka zikaanguka, kisha mnakuja kuniuliza mimi. Kamwulizeni Shebe, amebeba vya marehemu wangapi.