Ukuta wa Mbuke

"Jiwe likikushinda, lifanye ukuta." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu mkacheka, eti jiwe linafanywaje ukuta. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ilianzia hapa hapa Mwanza, nami nilikuwepo, nyundo mkononi.

Palikuwa na msanifu majengo, Mbuke Lugata, binti wa mpiga lipu. Miaka kumi na minane aliwachorea matajiri maghorofa yao, akachoka. Akauza nyumba aliyoachiwa na baba yake, akanunua kiwanja mlimani ajenge ghorofa lake mwenyewe na kupangisha. Wengine walikikwepa kwa sababu jiwe kubwa kuliko kanisa lilikuwa limekaa katikati. Sharti la hati lilikuwa moja: ndani ya miaka mitatu jengo liwe limesimama, la sivyo ananyang'anywa kiwanja. Angebaki hana nyumba wala kiwanja.

Sisi wavunja mawe tulimwambia, "Mama, hilo dogo." Tulijidai, Mungu atusamehe. Desturi yetu ni kulichoma jiwe moto mpaka lipasuke, kisha nyundo inamalizia. Basi tukachoma kuni, tukachoma matairi, miaka miwili mizima, na jiwe likabanduka maganda tu. Watu wakambandika jina la Mama Jiwe. Nilimwona akilia mchana kweupe, nami niliona aibu, maana sisi ndio tuliompotezea muda.

Siku moja akanikuta nakula muhogo kivulini.

"Kaka Nshoma, unalionaje jiwe hili? Sema kweli."

"Kweli yenyewe, mama, limetushinda. Na upande huu limenyooka kuliko kuta za mafundi wako."

Akaenda kuchukua timazi, akapima hapa, akapima pale, mpaka muhogo wangu ukaisha. Kisha akasema taratibu, "Zimeni moto. Miaka miwili tumekuwa tunavunja ukuta wangu."

Alichora upya kwa wiki moja. Jiwe likawa ukuta wa nyuma, ghorofa nne zikaliegemea, na juu yake tukachonga mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni yasiingie vyumbani. Tulifanya kazi kama tumerogwa.

Zilibaki siku nne muda wa hati ufike mwisho mkaguzi alipokuja. Akagonga ukuta wa nyuma, akagonga tena.

"Huu ni imara kuliko zote. Fundi wake nani?"

"Simjui, bwana," Mbuke akajibu. "Nilikuta ameshamaliza."

Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani, akatia saini. Mbuke alipiga vigelegele peke yake, sisi tukampokea, mlima mzima ukajua. Baadaye alijenga maghorofa mengine tisa, yote kwenye viwanja ambavyo watu walivikimbia. Madalali waliokuwa wakimcheka wakawa wanampigia simu: "Mama, tumepata chenye jiwe."

Kwa hiyo shangazi yenu hakukosea, wajukuu zangu. Jiwe likikushinda, lifanye ukuta.